POLE PEKE YAKE HAISHUSHI MAPIGO YA MOYO

Wadau, leo mnivumilie maana nina hasira, na hasira yenyewe inagusa pande mbili ambazo kwa kawaida hazikai meza moja.

Upande wa kwanza ni wauza semina. Matangazo mmeyaona, msijifanye. Dada amefumba macho ufukweni, mikono kifuani, na maandishi yanayosema njoo uachilie majeraha yaliyojificha mwilini mwako, wikiendi moja tu, hotelini, chai na chakula cha mchana vimo. Bei yake ukienda nayo Ndungu msimu wa mavuno unarudi na magunia ya mpunga. Upande wa pili ni rafiki zangu wa kijiweni, wasomi wazuri tu wenye digrii zao, ambao ukitaja neno kiwewe wanaangua kicheko: "Aaah, hayo mambo ya wazungu bwana! Mwafrika anazika asubuhi, mchana yuko shambani."

Wote wawili hawajui wanachokisema, na anayelipia ujinga wao hayupo hotelini wala kijiweni. Yuko Bendera.

Bendera ipi tena? Kwa msioijua: ukitoka Dar na basi la Moshi, ukishapita Mombo na Mazinde unafika Mkomazi. Wengi wenu hapo mnakuwa mmelala. Sasa ukishuka, kuna njia inaacha barabara kuu na kuzunguka nyuma ya milima ya Upare ya Kusini: Bendera, Kihurio, Ndungu, Maore, mpaka Kisiwani na kutokea Same mjini. Bendera ni kata ya tambarare wilayani Same, joto lake si la mchezo. Upande mmoja milima imesimama kama ukuta, upande mwingine ni nyika inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Huko juu milimani ndiko iliko Mamba Myamba, na mwezi Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha ukafukia nyumba na watu. Walikufa zaidi ya 20. Waandishi walikwenda, viongozi walikwenda, pole zilitolewa, kisha kila mtu akarudi alikotoka.

Kule Bendera nilikaa na mama mmoja (mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike) ambaye alishuka kutoka milimani akaja kuishi kwa ndugu zake baada ya mwaka ule. Nilikuwa nimekwenda kwa habari nyingine kabisa, ya mpunga. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, marahaba mwanangu, habari za mjini. Tukaongea mashamba. Wingu likatanda upande wa mlimani, akanyamaza katikati ya sentensi. Nikamuuliza kulikoni.

"Mvua ikianza kupiga bati, mwanangu, miguu hii siioni. Nimeikalia lakini haipo. Moyo unakwenda kama mtu anatwanga. Nikipiga kelele wajukuu wanaogopa, basi natoka nje, nasimama kwenye mvua mpaka iishe."

Nikamuuliza kama amekwenda hospitali. Amekwenda sana tu! Amepimwa malaria, amepimwa taifodi, ameambiwa ana vidonda vya tumbo, ameambiwa ana presha, akaambiwa tena hana presha. Amepewa panado, dawa ya minyoo, vidonge vya kupunguza asidi, na safari moja vidonge vya usingizi ambavyo anasema vilimfanya atembee kama mlevi wakati hajawahi kuonja pombe. Jirani mmoja kamwambia ni mapepo. Mwingine kamwambia karogwa na wifi yake. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali la maneno matatu: hii ilianza lini?

Sina ugomvi na tabibu wa zahanati. Foleni yake naijua, na najua alifundishwa nini na hakufundishwa nini. Ugomvi wangu ni na sisi tulioamua kwamba mama akisema "miguu haipo" anatumia lugha ya picha. Hatumii lugha ya picha. Anatoa taarifa, na taarifa yake ni sahihi kuliko fomu ya kurasa nne ya daktari wa saikolojia.

Hebu tuangalie kinachotokea. Hatari ikija, mwili hausubiri ufikiri. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, inaitwa amigdala, inapiga kengele kabla akili haijajua ni kengele ya nini. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, damu inahama tumboni kwenda kwenye misuli ili ukimbie au upigane. Na kama huwezi kukimbia wala kupigana, mathalani mlima umeshakuja, mwili una njia ya tatu: unaganda. Ganzi, miguu kupotea, sauti kukauka. Hatari ikipita, mambo yanatakiwa yarudi kama yalivyokuwa. Kwa watu wengi yanarudi, tena yenyewe, ndani ya wiki au miezi. Kwa baadhi hayarudi. Kengele inabaki imekwama, na kitu chochote kinachofanana na siku ile kinaiwasha upya. Sauti ya mvua kwenye bati. Harufu ya udongo mbichi. Ukimwambia mtu huyo "mama, ilishapita hiyo, miaka mingi sasa," anakubali kabisa, maana akili yake inajua. Miguu yake ndiyo haijaambiwa.

Na Kiswahili kilishalijua hili siku nyingi. Tuna kiwewe, tuna kihoro, tuna fadhaa. Tunasema roho iko juu, mwili umekufa ganzi, nywele zimesimama, na vijana wa mjini wameongeza tumbo joto. Hakuna hata moja hapo linalokaa kichwani. Halafu mtu anakuja kutuambia kwamba jeraha linalokaa mwilini ni uvumbuzi wa Marekani wa mwaka 2014, eti kwa sababu ndio mwaka Bessel van der Kolk alipotoa kitabu chake maarufu, The Body Keeps the Score. Kitabu ni kizuri, kisomeni. Lakini bibi yangu angekisoma angeuliza, sasa habari iko wapi?

Nije kwa wauza semina, maana nisiwapakazie. Wanachouza si uongo mtupu. Shida yao ni kwamba wameuchanganya ukweli na mbwembwe mpaka huwezi kuvitenganisha, na mnunuzi ndiye anaachiwa kazi ya kuchambua kama mchele wenye mawe.

Ukichambua unapata hivi. Mwaka 2014 huyohuyo van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha muda mrefu ambacho tiba za kawaida hazikukimaliza. Nusu walifanya yoga wiki 10, nusu walipewa darasa la elimu ya afya. Mwishoni, waliofanya yoga na kufikia hatua ya kutohesabiwa tena kuwa na ugonjwa walikuwa asilimia 52, wale wengine asilimia 21. Si haba! Lakini ni watu 64, na ni Marekani. Ile tiba ya Peter Levine inayomfundisha mtu kusikiliza mwili kidogo kidogo badala ya kusimulia tukio zima ilipata utafiti wake wa kwanza wa kulinganisha makundi mwaka 2017 kule Israeli, watu 63. Matokeo yalikuwa mazuri, na tena watu ni wachache. EMDR, ile ya kufuata kidole kwa macho huku unakumbuka tukio, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, ndiyo yenye ushahidi mnene zaidi, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Hata hapo wataalamu bado wanabishana kama macho yenyewe yana kazi au kinachoponya ni kule kukumbuka ukiwa salama mbele ya mtu unayemwamini.

Kwa hiyo ukiona bango linasema "imethibitishwa kisayansi, wikiendi moja tu," ujue hapo kuna mtu anachezea shida zako. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hizo wa wikiendi moja.

Tena kuna hili ambalo mabango hayalisemi. Kumfumbisha macho mtu aliyebakwa, ukamwambia apumue kwa nguvu na aachie mwili, gizani, katikati ya watu asiowajua, unaweza kumrudisha palepale alipoumizwa. Wanaoijua kazi hii hukuacha ufungue macho. Hukuambia unaweza kukataa. Hawakugusi bila ruhusa. Wanakwenda kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza maji ya jaba kwa kikombe badala ya kulipindua. Mwenye cheti cha siku tatu alichokipata mtandaoni hajui hayo, na akikuharibia hana wa kumuuliza.

Sasa nyie wa kijiweni. Mnasema ni mambo ya wazungu. Naomba mpande basi mwende Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino. Pale walifanya kitu ambacho mimi kila nikikikumbuka nawaza Same. Wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliingizwa kwenye utafiti. Baadhi yao walikusanywa katika vikundi vya watu mpaka 30, mara moja kwa wiki, wiki tano, saa mbili kila safari. Daktari bingwa hakuwepo. Kulikuwa na sauti iliyorekodiwa kwa lugha yao, kitabu cha picha, na wasimamizi wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Sauti inawaelekeza: sikia miguu yako inavyokanyaga chini, jinyooshe, vuta pumzi taratibu, angalia kilicho mbele yako, yaone mawazo yakija na yakipita, rudi kwenye miguu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, waliopitia vikundi vile walikuwa na mateso ya moyo machache kuliko wenzao ambao hawakupitia. Redio na mti wa kivuli vilitosha! Na kinachoitwa "kukanyaga chini" ndicho hichohicho kinachouzwa hotelini kwa jina la Kiingereza.

Au vukeni ziwa mwende Bukavu, Kongo, ambako Kiswahili ndicho cha mtaani. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege (aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018), ilijifunza mapema kwamba ukishona jeraha la mwanamke aliyebakwa na wanajeshi hujamaliza kazi. Wakaongeza ushauri nasaha, na baadaye muziki, wanawake wakaingia studio kutunga na kurekodi nyimbo zao wenyewe. Jirani hapo, mwaka 2011, likafunguliwa Jiji la Furaha, ambako wanawake vijana wanakaa miezi sita wakisoma, wakilima, wakicheza ngoma, wakijifunza kujihami kwa mikono. Kujihami hasa ndiko kunanigusa. Mwili ulioganda siku ya tukio unafundishwa kwamba mkono unaweza kusukuma, mguu unaweza kupiga teke. Semeni tena ni mambo ya wazungu.

Na hapa kwetu? Mzazi akijifungua anakandwa kwa maji ya moto siku hata 40. Msibani, mfiwa haachwi peke yake. Wanawake wanamshika, wanamlaza kwenye mkeka katikati yao, wanalia kwa sauti mpaka kilio kinapata mapigo yake. Usiku hakuna anayelala peke yake mpaka tanga lianuliwe. Wapare kwa Wazigua, Wasambaa kwa Wachaga, kila mmoja na taratibu zake, lakini wote walijua kwamba aliyepigwa na kihoro huanzi kwa kumpa ushauri. Unaanza kwa kumshika, kumpa uji wa moto, kumkalisha karibu na miili mingine iliyotulia.

Msinielewe vibaya, sitaki kuimba wimbo wa "mababu walijua yote." Mababu haohao walimwambia kijana jandoni kwamba akipepesa macho si mwanaume, na mpaka leo wanaume wa Same wanazeeka na mabega yaliyopanda masikioni kwa sababu ya neno moja: jikaze. Kuna wagonjwa waliofungwa kamba, kuna waliochapwa ili pepo litoke, na hayo hayajaisha. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na mtaji, na sisi wasomi ndio tumeutupa. Siku hizi msiba wa mjini ni siku mbili, mahema ya kukodi, viti vya plastiki vimepangwa kama mkutano, mfiwa kavaa miwani nyeusi, na mshereheshaji anatuhimiza tuende na muda. Halafu miezi sita baadaye mfiwa huyohuyo anakwenda kulipia semina ili afundishwe kulia.

Nigeukie fani yangu maana nayo haina usalama. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na basi dogo viligongana kwenye barabara kuu na kuwaka moto. Taarifa ya Ikulu ilitaja vifo 38, na idadi ikaongezeka siku zilizofuata. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika kwa macho. Kilichofuata mnakijua: video. Simu za wapita njia, halafu kamera, halafu yule mwandishi anayemwekea kinasa sauti mdomoni mtu ambaye mikono yake bado inatetemeka, na kumuuliza, "Hebu tusimulie, ilikuwaje?" Akimaliza, anakuja mwingine, "Hebu tusimulie tena."

Wenzangu, kuna jambo ambalo si la kubishania. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani wa 2013, na miongozo mingine kabla yake, inasema kumlazimisha mtu aliyetoka kwenye tukio asimulie yote kwa mkupuo mmoja hakumsaidii, na haishauriwi. Ikisemwa hivyo kwa wataalamu wa afya, sembuse sisi wenye kinasa sauti? Anayetetemeka aachwe atetemeke, mwili wake unafanya kazi yake. Mfunike kanga, mpe maji, mweke kivulini, muulize jina na nani apigiwe simu. Habari utaipata kesho kwa aliye tayari kuitoa. Na mwongozo huohuo unasema vidonge vya jamii ya valiamu visitolewe kwa watu waliopatwa na dalili za mshtuko ndani ya mwezi wa kwanza. Sasa nendeni mkaulize ni wangapi wanatoka mapokezi na pakiti ya nini mkononi.

Hapa sasa nafika mahali ambapo naachana hata na wale wenye nia njema.

Tiba hizi zote za mwili zina sharti moja lililofichika: kwamba hatari imepita. Unamwambia mtu, sikia miguu yako, angalia pembeni, uko salama. Je, kama hayuko salama? Mkulima wa Bendera, Kihurio au Maore anayelala kwenye kibanda shambani akilinda mahindi, anasikia tawi linavunjika gizani, moyo unamruka. Huyo hana ugonjwa wowote. Tembo wa Mkomazi ni wa kweli, wanakula mazao na wanaua watu. Mwili wake uko sawasawa kabisa. Ukimfundisha kupumua taratibu mpaka atulie asisikie tembo, umemuua. Vivyo hivyo mama aliye chini ya mteremko ambao kila masika unaongeza ufa, na mwanamke ambaye anayempiga atarudi nyumbani saa mbili usiku. Huyo wa mwisho hahitaji yoga, anahitaji dawati la jinsia la polisi linalofanya kazi na mahali pa kulala.

Serikali yenyewe imeliona hili, angalau kwenye msamiati. Malipo kwa waliodhuriwa na wanyamapori, yaliyowekewa kanuni mwaka 2011, yanaitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Nani aliyetunga majina hayo sijui, ila aliufikiria mwili! Jasho kwa mazao, machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Basi yafuteni kweli, kwa wakati, na kwa kiasi kinachofuta. Mtu ambaye anafuatilia faili lake ofisini mwaka mzima, kila akienda anaambiwa njoo wiki ijayo, mwili wake hauwezi kushuka hata ukimletea mwalimu wa yoga kutoka Himalaya.

Usalama kwanza, ndiyo. Lakini usalama usiwe kisingizio cha kutofanya lolote, maana mama yangu wa mvua anaishi tambarare, mlima haumfikii, na bado miguu inapotea. Kwake hatari ilishapita kweli. Kilichobaki ni kengele.

Kwa hiyo ninataka nini? Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na lengo lililotangazwa ni zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hawa ndio watakaokuwa wanapita nyumba kwa nyumba, ndio watakaofika kwa mama kabla ya daktari. Wanafundishwa chanjo, lishe, uzazi, malaria. Sawasawa. Sasa naomba siku mbili tu za mafunzo yao. Siku mbili za kujua kwamba ganzi, moyo kwenda mbio, tumbo kukata na kutolala baada ya tukio la kutisha vinaweza kuwa kitu kimoja. Za kujifunza kuuliza "ilianza lini?" Za kujua namna ya kumkalisha mtu macho yakiwa wazi, miguu chini, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia (pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo, jaribu hapo ulipo huku umeshika mshipa wa mkono, utaona). Za kujua ni nani asifundishwe hilo bali apelekwe mbele haraka: anayetaka kujiua, anayesikia sauti, anayepigwa nyumbani, ambaye kifua kinamuuma kwa sababu moyo wenyewe ni mgonjwa. Maana nalo hilo lipo, si kila moyo unaokwenda mbio ni kiwewe, na panado ya kwanza na kipimo cha malaria havikuwa makosa. Kosa ni kuishia hapo.

Apelekwe wapi? Hapo ndipo penye kichekesho cha kusikitisha. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, kuna hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani. Mwaka 1896 ilianza kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka hospitali. Yaani zaidi ya karne moja, jirani kabisa na Upare, kuna watu wanaoijua kazi hii. Watoto waliotolewa kwenye minyororo ndio waliokuwa wakazi wa kwanza pale, na kama kuna waliojua kwamba mwili hausahau ni hao. Leo mtu wa Bendera akitajiwa Lutindi anaona ametukanwa, ameitwa kichaa. Moshi kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC ni mbali na nauli ni nauli. Kwa hiyo anabaki na panado.

Najua mtakachosema. Wa dini mtasema sala inatosha. Salini, tena kwa sauti, tena kwa kuimba na kupiga makofi, maana kuimba pamoja kunarefusha pumzi na kunapanga mapigo, na pengine ndiyo sababu watu wanatoka kanisani au kwenye dhikri wakiwa wepesi. Ila msiwaambie wasiopona kwamba imani yao ndogo. Wa uchumi mtasema nchi haina hela ya anasa hizo. Hesabuni basi: vipimo vyote vile vya mama mmoja, dawa za minyoo, dawa za asidi, nauli za kwenda na kurudi, siku za shamba zilizopotea, mara miaka yote tangu 2009. Hiyo ndiyo anasa, na tumeilipia.

Nanyi walimu wa semina za ufukweni, sijawasahau. Kama kweli mnachofundisha kinaponya, kuna vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa kata nzima, vinakutana kila wiki chini ya mti, wasikivu, wenye mambo ya kweli mwilini. Hakuna ukumbi wa kukodi. Mtashuka Mkomazi, mtapanda gari la Ndungu, mtamwambia konda awashushe Bendera. Joto ni kali, mje na maji ya kunywa. Nauli kutoka Mkomazi nitawalipia mimi.